Kwa nini dada alipasuliwa tumbo na sio matundu

Tangu niandike kwamba dada angu katolewa kizazi kwa saratani ya shingo ya kizazi, watu wananitumia meseji swali lile lile, kwa nini apasuliwe tumbo lote wakati siku hizi kuna upasuaji wa matundu, wanatoboa vitundu vidogo tu tumboni, unatoka hospitali mapema na kovu halionekani. Hata mi nilimuuliza daktari hivyo hivyo, tena kwa ubishi.

Iko hivi. 2018 ulitoka utafiti mkubwa wanauita LACC, wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi ya hatua za mwanzo waligawanywa kwa bahati nasibu, hawa tumbo, hawa matundu au roboti. Ilitegemewa matokeo yatalingana. Wapi! Miaka 4 na nusu baadae waliopasuliwa tumbo asilimia 96.5 walikuwa hai na saratani haijarudi, wa matundu 86. Mi nilivyoona hizo namba ubishi uliniisha, kovu na liwepo.

Halafu operesheni hii sio ile ya kutoa kizazi kwa sababu ya uvimbe wa kawaida. Wanatoa kizazi na shingo yake, nyama za pembeni zinazokishikilia, kipande cha juu cha uke na tezi za limfu za kwenye nyonga. Vifuko vya mayai kwa ambaye umri bado mara nyingi vinaachwa, kwa hiyo hedhi inakata ila homoni zinaendelea kama kawaida.

Ambacho hatukuelezwa vizuri ni mkojo. Mishipa ya fahamu ya kibofu inapita humo humo wanamokata, dada akarudi nyumbani na mpira wa mkojo, na ulivyotolewa akawa hasikii kabisa kama kibofu kimejaa, anaenda chooni kwa alamu ya simu, anakojoa, anasimama, anakaa tena anajikamua, maana kliniki nesi anapima mkojo uliobaki ndani na ukiwa mwingi mpira unarudishwa. Hapo ndo alilia, sio kwenye kidonda.

Kuna utafiti mwingine wa 2024, SHAPE, kwa wenye uvimbe usiozidi sentimita 2 na haujazama sana, hao kutolewa kizazi bila zile nyama za pembeni kulitosha, baada ya miaka 3 saratani ilirudi kwenye nyonga kwa asilimia 2.52 dhidi ya 2.17 ya waliotolewa na nyama za pembeni, na shida za mkojo zilikuwa chache. Uvimbe wa dada ulishapita sentimita 3 kwa hiyo haikumhusu. Na kama bado unataka kuzaa sema mapema kabla ya kusaini fomu, uvimbe ukiwa mdogo wanaweza kukata kipande tu cha shingo au kuitoa shingo na kizazi kikabaki.

Majibu ya tezi yalikuja safi, mionzi na kemo hakuhitaji. Ila kwa sababu tezi zilitolewa mguu mmoja unavimba jioni, kapewa soksi za kubana anazichukia balaa.

Mnaouliza mambo ya tendo la ndoa, hilo ntaandika dada mwenyewe akiniruhusu.