Taa ilikuwa inawaka lakini haina jua: nilivyomuuguza Babu mpaka akapona

Mwezi wa kwanza nilitafuta kwa Kiswahili mtu yeyote aliyewahi kuuguza mjusi wa ndevu, sikupata hata mmoja. Kwa Kizungu nikapata watu mia na kila mtu na lake, na mengine ningeyafuata yote saa hii tungekuwa tushamzika. Ndiyo maana naandika hii ndefu ndefu, mwenye mjusi asome.

Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa, niko Minnesota huku Marekani mwaka wa 9 sasa, kazi yangu ni kuwahudumia wazee, zamu ya usiku. Mjusi sikumtafuta mimi. Rafiki wa kijana wangu walikuwa wanahamia Texas, wakasema hawawezi kusafiri naye, kijana wangu ana miaka 11, alilia siku tatu mfululizo, basi nikakubali. Akaja na tangi lake la kioo, taa mbili, mchanga, na kipimajoto cha kubandika. Wakatuambia ana mwaka na nusu, hana shida yoyote, mpeni nyenje na majani basi. Kijana akamwita Babu kwa ajili ya ndevu, ingawa zile si ndevu za nywele, ni magamba ya kooni yaliyochongoka, akikasirika anazifura na koo lote linakuwa jeusi ti.

Hawa asili yao Australia, bara kule ndani kwenye ukame na vichaka vikavu, na jua ndiyo maisha yao. Australia yenyewe hairuhusu kuwatoa nje kwa biashara, kwa hiyo hawa wa huku wamezaliwa kwenye matangi, baba yake tangini, babu yake tangini. Lakini mwili wake bado unataka lile jua la jangwani, haujui kama uko Minnesota na nje barafu mpaka magotini. Mamangu nilipomwonyesha kwenye video aliniambia, "Mwanangu, huyo si mjusi huyo, huyo kenge, mtoe nyumbani." Namwelewa, kwetu mjusi anafukuzwa na fagio. Lakini kitu kishaingia nyumbani mwangu kinanitegemea, siwezi kukiangalia kikifa.

Kilichonishtua ni vidole. Nimerudi kazini asubuhi, nimeinama kumwangalia, amelala macho kayafumba na vidole vya miguu ya nyuma vinacheza vyenyewe, kimoja kimoja, kama mtu anayepapasa kinanda polepole. Si kutetemeka kwa baridi. Halafu nikaona anapotembea tumbo linaburuza chini, zamani alikuwa anajiinua kwa mikono. Nikamgusa taya la chini na ncha ya kidole, likabonyea. Taya la mjusi ni mfupa, linabonyeaje? Nikamweka kwenye mizani, gramu 212, mkia kama kamba.

Ushauri wa kwanza nikaupata duka nililokuwa nanunua nyenje: ati ni usingizi wa msimu wa baridi tu, muache ataamka mwenyewe. Ni kweli hawa wanalala wakati wa baridi, wengine wiki kadhaa, lakini mjusi aliyelala vizuri hatetemeki vidole na hakondi mpaka mifupa ya nyonga ikaonekana. Mwingine akaniambia nimpe maji ya asali. Mwingine nimweke dirishani apate jua, na hilo tulilifanya, kijana wangu alikuwa anakaa naye dirishani kila akirudi shule, masikini, kumbe kioo cha dirisha kinazuia ile miale yenyewe anayoitaka, anapata mwanga tu.

Lakini lililotuumiza zaidi ni la yule aliyesema mlazimishe kula, asipokula siku mbili tatu amekwisha. Hilo nililifuata na najuta mpaka leo. Nikasaga nyenje na boga la chupa la watoto, nikaweka kwenye sirinji, kijana akamshika, mimi nikamfungua mdomo kwa kile kitaya kilaini vile, nikamsukumia polepole mililita kama nne. Akameza. Nikafurahi, nikaenda kulala nikijua nimefanya kazi. Jioni naamka, tangi linanuka, katapika kila kitu, na chakula kiko vile vile nilivyomtia, hakijaguswa tumboni, kimeoza tu. Na yeye kalala ubavu. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba mjusi tumbo lake haliwezi kusaga kitu kama mwili umepoa, moto anautoa nje, hana wa kwake. Kumtia chakula akiwa wa baridi ni kumtia uozo. Na lile taya ningeweza kulivunja kwa mikono yangu mwenyewe.

Kipimajoto cha kubandika wakati wote kilikuwa kinasema nyuzi 38. Nikanunua kile cha kulenga kama bastola, dola ishirini hivi, nikalenga jiwe lake la kuotea. 27. Anatakiwa pale apate 38 mpaka 42, upande wa pili ndiyo uwe baridi kidogo, 25 hivi, ajichagulie. Miezi miwili anaota moto ambao haupo.

Usiku ule nikatafuta daktari anayejua wanyama kama hawa, maana wa paka na mbwa wengi hawawagusi, nikampata mmoja mwendo wa dakika arubaini. Sasa nje ilikuwa ishirini na nne chini ya sifuri. Mjusi mgonjwa utamtoaje? Hili nililifanya mwenyewe bila kuambiwa na mtu na nalisema kwa kila mwenye mnyama huku kwenye baridi. Nilichukua lile boksi la plastiki la kuwekea barafu na soda tukienda pikniki. Linazuia joto kutoka sawasawa na linavyozuia baridi kutoka. Nikajaza chupa mbili za soda maji ya moto, si ya kuchemka, ya kuvumilika mkononi, kila moja nikaizungushia leso mara mbili isimuunguze, nikazilaza pembeni, katikati nikamlaza yeye juu ya leso ya tatu, kifuniko nikakiacha wazi kidogo kwa hewa. Gari nikaliwasha robo saa kabla. Tulipofika nesi alimshika akashangaa, akasema wengi wanaowaleta wakati huu wanafika kama mawe. Babu alifika macho wazi.

Daktari alishaniambia kwenye simu nije na taa zangu. Nikaona ajabu, lakini nikaja nazo. Akaziwasha, akashika chini yake kidude kidogo cha kupimia miale, kama simu ya zamani, kikasoma 0.2. Akaniambia hapa ilitakiwa isome 3 au 4. Taa inawaka vizuri kabisa, nyeupe, unaweza kusomea gazeti, lakini ile miale ya UVB, ile ya jua inayozuiwa na kioo, ilishaisha siku nyingi. Jicho la mtu haliioni hiyo miale kwa hiyo huwezi kujua. Taa za hivi zinachoka ndani ya mwaka, nyingine miezi sita, na zinaendelea kuwaka. Hii yetu nani ajuaye ilikuwa na miaka mingapi.

Akanieleza vizuri. Ngozi ikipata UVB inatengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu haiingii mwilini hata umjazie sahani. Damu ikikosa kalsiamu mwili unaenda kuichota kwenye mifupa, maana moyo na misuli haviwezi kungoja. Ndiyo taya likalegea, ndiyo vidole vikacheza. Kwenye eksirei mifupa yake ilikuwa kama moshi, huioni ilipoanzia. Na choo wakakipima wakakuta minyoo mingi, lakini dawa ya minyoo akakataa kuanza siku ile, akasema apate maji kwanza. Akachomwa maji chini ya ngozi, akachomwa kalsiamu, tukapewa ya maji ya kumpa nyumbani. Yote ilikuwa dola mia tatu na zaidi, na taa mpya juu yake, sikutaka hata kujumlisha.

Sasa uuguzi ndiyo kazi yangu, nikaufanya kama wa mzee. Nikachukua daftari: uzito, joto la jiwe, maji, dawa, chakula, choo. Kila siku saa moja asubuhi, kabla hajala, kwenye bakuli lake na mizani yake, ambavyo jikoni haviingii kabisa, kwa sababu hawa wana bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima, na mikono sabuni kila ukimshika. Siku ya kwanza 212, siku ya nne 198. Nililia. Kijana akaniuliza "mama anakufa?" nikamwambia bado.

Joto kwanza, maji pili, chakula mwisho. Tangi tukaligeuza. Mchanga wote nje, nikatandika karatasi za jikoni, maana mjusi analamba lamba na mchanga unaweza kumziba tumbo, na karatasi inakuonyesha choo. Matawi ya juu nikayatoa asianguke akavunjika. Taa nyekundu ya usiku nikaitoa, usiku anataka giza. Taa mpya ya mrija mrefu ikakaa ndani, chini ya wavu si juu yake, sentimita 30 hivi kutoka mgongoni.

Maji nikampa kwenye beseni, nyuzi 35, unapima na kiwiko kama ya mtoto, yafike mabegani tu, dakika kumi na tano, mkono wangu chini ya kidevu muda wote. Kuna wanaosema anakunywa kwa ngozi, hapana, anakunywa kwa mdomo, ukitulia unaona koo linapanda linashuka. Na dawa sikumfungua mdomo tena. Unatia tone moja kwenye ncha ya pua, linateremka mdomoni, yeye mwenyewe anatoa ulimi analamba. Tone moja moja, dakika tano nzima, lakini taya haliguswi. Baada ya wiki moja hivi akapata choo, nikamwamsha kijana usiku aje aone.

Kula ndiyo ilikuwa vita. Majani hayaangalii kabisa. Nilikuwa namkatia sukuma wiki, sukuma yetu hii hii, huku wanaiita kolad na wanaipika sana watu weusi wa kusini, ina kalsiamu nyingi na fosforasi kidogo, inafaa kuliko spinachi ambayo inaishika kalsiamu isiingie. Lakini jani limelala tu, na mjusi jicho lake linafuata kinachosogea. Na hata funza, Babu alikuwa anamtazama tu, nguvu ya kumfukuzia hana. Basi nikafikiria. Nikachukua wale funza wa inzi mweusi, wale ambao nyumbani siku hizi watu wanafuga kulishia kuku, wana kalsiamu yao wenyewe. Nikakata ukanda mwembamba wa sukuma, nikamkunjia funza ndani kama ninavyokunja sambusa, mkia nikauacha nje unachezacheza, nikamshikia kwa kibanio mbele ya pua, karibu kabisa. Siku ya kwanza akageuza kichwa. Ya pili akainamisha kichwa upande, jicho moja limekaza. Ya tatu nilikuwa nishachoka mkono, nikasikia tap, ule ulimi mnene wa waridi unaonata umetoka na sambusa imeondoka yote, jani na funza. Akatafuna taratibu macho yamefumba. Nikakunja nyingine. Akala nne. Kila siku nikaongeza jani, nikapunguza funza, mwisho wa mwezi wa pili nikamwekea sukuma tupu kwenye sahani akaifuata mwenyewe kwa miguu yake, tumbo limeinuka, haliburuzi chini.

Na dawa ya minyoo tukampa alipofika gramu 220, mara mbili, choo kilipopimwa mara ya tatu kikawa safi. Mwezi wa nne akafika 310. Eksirei ya pili mifupa ikaonekana nyeupe na mipaka yake, taya gumu. Mguu wa kushoto wa nyuma umepinda na daktari kasema huo utabaki hivyo hivyo, anauburuza kidogo akikimbia, lakini anakimbia.

Mwezi wa sita joto lilipokuwa zuri tukamtoa barazani, jua lenyewe, bila kioo. Akajibandika kwenye mbao akawa bapa kama chapati na ngozi ikawa nyeusi mgongoni avute moto. Mamangu yuko kwenye video anaangalia. Akapita ndege juu, kivuli tu, na Babu hakuinua kichwa, lakini utosini hawa wana kijijicho kidogo kama doa, hakioni sura ila kinajua giza na mwanga, basi ghafla akajiinua kwa mikono yote miwili na ndevu zikafura nyeusi, mara ya kwanza tangu aje kwetu. Mamangu akanyamaza, kisha akauliza, "Huyo sasa mnampa nini akala akawa hivyo?" Nikamwambia sukuma, mama.

Leo asubuhi 371. Kwenye mrija wa taa nimeandika kwa maka pen tarehe tuliyoifunga, na mwezi wa kwanza ukifika inatoka, iwake isiwake.