Sambaza, zebaki na zahabu ya mu labo
Hapa Bukavu watu banauliza kama sambaza, bale samaki badogo ba Ziwa Kivu, iko na zebaki, ile merikiri benye kuchimba zahabu banatumia kule Kamituga. Kwa macho huwezi jua, na ata ukikaanga namna gani haitoki mu nyama. Mu labo banakata kipande cha nyama, banapima uzito, banachoma mu mashini, mvuke ya zebaki inapanda njo inanaswa na zahabu (eh, zahabu tena!), kisha banapasha ile zahabu moto, zebaki inaachia, mashini inaisoma kwa mwangaza. Ulaya kikomo ni kati ya 0.3 na 1 mg kwa kilo, inategemea aina ya samaki. Mimi ningeanza kupima samaki zile kubwa zenye kula wenzake, juu zebaki inajikusanya mu mwili yabo; sambaza ni kadogo na haiishi sana.