Pesa za Kilwa, darasani kwa Wayolngu

Mwaka 2016 nilikuwa nasomea ualimu Darwin, kaskazini mwa Australia, na chuo kikanipeleka mazoezi ya kufundisha mashariki mwa Arnhem Land, kwenye kijiji cha Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wa jamii ya Wayolngu. Msimu wa mvua barabara hukatika na bidhaa za dukani huja kwa tishari. Mimi ni mtu wa Kilwa, kwa hiyo pwani ile haikunipa ugeni: mikoko, matope, watoto na mikuki yao wakisaka samaki maji yanapotoka.

Shule ilikuwa ya lugha mbili. Watoto huanza kusoma kwa lugha yao, Kiingereza kikiongezwa mwaka hadi mwaka, na vitabu vingi vya kusomea vilichapwa palepale shuleni. Mwalimu wa darasa nililopangiwa alikuwa mama mmoja mwenyeji. Kabla hata ya kunionyesha ratiba, alinipa ukoo. "Wewe ni mdogo wangu," akasema. Basi wanawe wakawa wapwa zangu, wakaniita mjomba, na darasa zima likapata pa kuniweka. Binti mmoja akaangukia upande wa wakwe, hivyo haikufaa niseme naye ana kwa ana. Daftari lake nilikuwa nikishalisahihisha nampa binamu yake ampelekee. Nimelelewa kumwonea haya mkwe, hilo nililishika upesi.

Asubuhi moja dada yangu huyo mwalimu alinitaka niwaeleze watoto nimetoka wapi. Nikavaa kipaza sauti kidogo shingoni, maana watoto wengi wa vijiji vile huugua masikio na usikivu wao hupungua, kisha nikawapitishia picha ya pesa za shaba. Mwaka 1944, askari wa jeshi la anga aliyekuwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, ardhi ya Wayolngu, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za masultani wa Kilwa, zenye umri wa karne kadhaa, na wataalamu hadi leo hawajakubaliana zilifikaje kule.

Mvulana mmoja akaweka kidole juu ya maandishi ya Kiarabu. "Walimpa nani?"

Nilikuwa nimesoma habari nyingi za sarafu zile, na karibu zote huuliza nani alizileta. Yeye aliuliza nani alizipokea. Kwake ufuo ule ulikuwa na wenyewe, na mgeni hashuki ufukweni bila kukutana na mtu. Sijasikia swali bora kuliko hilo kuhusu pesa za kwetu.

Dada akalichukua somo, kwa lugha yao. Akasimulia mabaharia wa Makassar, mji wa bandari ulioko Indonesia, waliokuwa wakija na pepo kuvua majongoo bahari, hadi serikali ilipowazuia mwaka 1907, na mikwaju waliyoiacha ufukweni. Watoto wakaanza kukatizana, huyu akitaja babu wa mababu aliyepanda jahazi akaenda Makassar, yule akieleza mkwaju uko upande gani. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mwaka 2008 serikali ya jimbo iliagiza saa nne za mwanzo za kila siku ya shule ziwe za Kiingereza. Agizo lile lilikuja kulegezwa, lakini nikilikumbuka bado linanichoma, kwa sababu lingeyanyamazisha mazungumzo kama haya.

Mwisho dada akanigeukia: "Huyo jongoo, kwenu mnamla?"

"Hatumli. Wazee walimkausha, wakawauzia Wachina."

Darasa likalipuka. Watu wa Makassar nao walikuwa wakiwauzia Wachina haohao! Tukayaandika yote ubaoni, dada kwa lugha yao, mimi kwa Kiingereza, na baadaye yakachapwa kitabu kidogo chenye michoro ya watoto: jahazi, mkwaju, na jongoo bahari mmoja mkubwa kuliko jahazi.