Sensa mpya, gari limegoma

Jumamosi asubuhi nilibadilisha sensa mbili, ya krenki na ya kemshafti, zile zinazoiambia kompyuta ya gari injini inavyozunguka. Kufika saa tano gari lilikuwa bovu kuliko nilivyolikuta.

Ugonjwa wa mwanzo ulieleweka: injini ikipata moto inazima ghafla, ukiiacha nusu saa ipoe inawaka kama hakuna kilichotokea. Sensa ya krenki iliyochoka ndiyo mambo yake hayo. Ile ya kemshafti nilibadilisha kwa tamaa tu. Nilishafungua bomba la hewa lililoiziba, nikaona bora nimalize yote.

Napiga stata, injini inazunguka vizuri, haishiki. Napiga tena, vilevile. Shemeji yangu, aliyekuja kutusalimia na kuishia kushika tochi, akatoa hukumu papo hapo: "Shemeji, hiyo pampu ya mafuta."

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye dashibodi. Stata inazunguka, lakini mshale wa mizunguko ya injini umelala kwenye sifuri, hata kutikisika hautikisiki. Kwenye gari hili mshale huo hunyanyuka kidogo wakati wa stata. Usiponyanyuka, kompyuta haijui kama injini inazunguka, na isipojua haitoi cheche wala haipulizi mafuta. Nilifungua plagi moja nikaikuta kavu kabisa. Betri ilisoma volti 12.6, na wakati wa stata 10.4, kwa hiyo haikuwa na kosa.

Hapo nikafanya ujinga. Nilimlaumu muuzaji kimoyomoyo, nikaamini sensa mpya ni feki, nikarudisha ya zamani ya krenki. Hiyo mbovu ilikuwa angalau inawasha gari likiwa baridi! Nikapiga stata. Vilevile, haishiki.

Ndipo nikachomeka mashine ya kusomea makosa, kitu ambacho ningefanya kabla ya kugusa spana tena. Ikatoa namba za makosa: P0335 ya krenki na P0340 ya kemshafti, nilizozitarajia. Ya tatu ndiyo iliyonikalisha chini: P0107, sensa ya presha ya manifoldi (njia ya hewa inayoingia kwenye injini), inasoma chini mno. Hiyo sikuigusa kabisa. Sensa tatu hazifi pamoja asubuhi moja. Zilichokuwa nacho kwa pamoja kwenye gari langu ni waya mmoja wa volti 5 unaotoka kwenye kompyuta na kuzigawia zote.

Nikachomoa soketi ya sensa ya presha, nikafungua swichi, nikaweka mita: volti 0.3. Nikachomoa sensa moja moja huku shemeji akinisomea mita. Kama sensa ndiyo ingekuwa inapiga shoti, ukiichomoa tu zile volti 5 zinarudi. Nimechomoa zote tatu, bado 0.3. Basi sensa mpya hazikuwa na hatia. Kosa lilikuwa kwenye waya wenyewe.

Nikaanza kuutikisa mkungu wa nyaya polepole, kuanzia kwenye kompyuta kuja mbele. Nilipofika chini ya bomba la hewa, shemeji akapiga kelele: "Tano! Aa, imeshuka." Nikavuta tena kidogo. "Tano!"

Bomba hilo linashikiliwa na kibati chenye bolti moja ya spana namba 10. Wakati wa kurudisha nilikaza bolti bila kutazama nyuma ya kibati, na mkungu ulikuwa umeteleza ukabanwa kati yake na injini. Nilipokilegeza nikaona waya mmoja umebonyezwa bapa, ganda limepasuka kama ukucha wa mtoto ulivyo mpana, shaba inang'aa. Ilikuwa imegusa chuma, volti zote zinaishia kwenye bodi.

Nilikata pale palipoumia, nikaunga kwa lehemu, nikavisha mpira wa kubana kwa joto, kisha nikaurudisha mkungu kwenye klipu yake, ambayo kumbe nilikuwa nimeiacha wazi tangu asubuhi. Nikaweka tena sensa mpya ya krenki, nikafuta makosa kwenye mashine.

Kabla sijapiga stata nilimwambia shemeji atazame mshale. Ulinyanyuka, na injini ikashika kwenye mzunguko wa pili au wa tatu. Nikaiacha ingurume mpaka feni ikawaka mara mbili, haikuzima. Shemeji bado anasema pampu nayo nisiisahau.