Nilivyoziandikisha data za samaki sambaza kwa majina yetu

Wakubwa wengi hapa Bukavu waliniimbia wimbo mmoja: data usitoe, utaibiwa. Nacheka, maana mimi niliibiwa nikiwa nimezificha. Faili la Excel lilitoka kwenye flashi yangu likaenda na mgeni aliyekuja kwa utafiti mfupi, na baadaye nikakuta vipimo vyetu ndani ya makala ya watu. Sisi tulishukuriwa kwa jumla, bila hata jina. Ningedai nini? Hapakuwa na mahali popote palipoonyesha kwamba vile vipimo ni vyetu, na tangu lini.

Data zenyewe ni urefu na uzito wa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, zilizochukuliwa alfajiri kwenye mwalo, trimarani zinaporudi na mitumbwi yake mitatu iliyofungwa kwa miti. Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, ndiyo maana watafiti wa mbali hawaachi kumfuatilia.

Nilizipeleka Zenodo, hazina ya data mtandaoni inayoendeshwa na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya. Ni bure, na kila unachochapisha pale kinapewa DOI, namba ya kudumu inayoanza na 10.5281. Kufungua akaunti si hadithi. Ila ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, chukua kwanza, hasa sisi Wakongo wenye majina matatu: makala hii inakuita kwa jina la ukoo, ile kwa jina la pili, nyingine kwa la ubatizo, na mashine inahesabu watu watatu. Zile tarakimu 16 zinakurudisha kuwa mmoja.

Kazi ilikuwa jedwali. Kompyuta zetu ni za Kifaransa, desimali zinaandikwa kwa mkato. Ukifungua CSV yako, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, kwenye programu inayosoma mkato kama mpaka wa kolamu, longitudo 28,86 inapasuka: 28 inabaki, 86 inaruka kwa jirani, na jirani naye anasukumwa. Nikapata samaki mwenye urefu wa tarehe!

Kijana mmoja wa saiba akajitolea kunyoosha mambo. Akageuza mikato yote kuwa nukta, vizuri sana, halafu kwa bidii yake mwenyewe akafuta kila herufi S kwenye latitudo, eti namba zibaki safi. Nilipofungua jedwali kwenye QGIS, programu ya ramani, ziwa lilikuwa tupu. Nikavuta ramani juu, nikavuta tena. Sambaza wangu wote walikuwa msituni upande wa Mungbere, Haut-Uele, zaidi ya kilomita 500 kaskazini! Kusini mwa ikweta latitudo inataka alama ya kutoa. Ukiondoa S bila kuiweka, umevuka ikweta. Kijana alitazama skrini akauliza kama huko hakuna mto. Basi, ramani kwanza, hata kama data zako ni chache.

Ujanja ninaojivunia ni huu: Zenodo inakuruhusu kushika DOI kabla hujachapisha. Niliishika, nikaiweka ndani ya makala yetu, kwenye orodha ya marejeo hasa, kisha nikabonyeza kuchapisha makala ilipokubaliwa. Leseni nilichagua CC BY: tumia upendavyo, lakini tutaje. Ukirekebisha data unatoa toleo jipya, na ipo DOI moja inayobeba matoleo yote.

Kuna pia nafasi ya kuandika waliokusanya data. Mama anayeuza sambaza pale mwaloni ndiye aliyeshika mizani tangu mwanzo. Nilipomwuliza kama anataka jina lake liwepo, alisema, «Andika, lakini herufi usikosee.» Mwenzangu mmoja aliona ni mzaha. Yeye hajawahi kushika mizani na mikono yenye baridi ya saa kumi na moja.

Gharama? Mega za intaneti, mega tena, na mafuta ya jenereta ya jirani.

Sasa kuna makala ya wageni iliyotumia data hizo, na safari hii tumo kwenye marejeo, majina yote na DOI yake. Mzee mmoja kati ya walionionya amenitumia flashi yake ya vipimo vya zamani, anataka nimfanyie vilevile. Kolamu moja inaitwa «P2». Nimempigia simu kuuliza P2 ni nini, akasema ngoja, atamwuliza asistanti wake wa wakati ule, ambaye siku hizi anauza simenti Uvira.