Kinga ya tumbo inayojua kujizuia

Dada yangu aliharisha damu kwa miezi, akapewa dawa za amiba mara tatu bila nafuu, hadi alipopimwa utumbo mpana kwa kamera. Daktari alituonyesha picha. Sehemu ya juu ya utumbo ilikuwa ya waridi, inang'aa, na vishipa vyake vya damu vilionekana wazi. Chini, karibu na njia ya haja kubwa, ukuta ulikuwa mwekundu, umevimba, na ulivuja damu ulipoguswa tu. Alieleza kwamba hapo hapakuwa na mdudu, bali kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikiushambulia utumbo. Ugonjwa huo huitwa kolaitisi ya vidonda, nao si vidonda vya tumbo tulivyovizoea.

Tangu siku hiyo nimesoma sana, na kilichonishangaza zaidi ni kwamba sisi wengine hatuugui. Utumbo mpana umebeba matrilioni ya bakteria, na ukuta unaowatenga na mwili ni safu moja tu ya seli, ambayo hujengwa upya kila baada ya siku chache. Safu hiyo hufunikwa na ute wa tabaka mbili, na lile la ndani karibu halina bakteria kabisa. Ndani ya ute huo mwili humwaga kingamwili za aina ya IgA, gramu kadhaa kila siku, ambazo huwanasa bakteria bila kuchochea uvimbe.

Nyuma ya ukuta kuna seli T dhibiti, ambazo kazi yake ni kuzituliza seli nyingine za kinga. Mwanasayansi wa Japani, Shimon Sakaguchi, alizieleza mwaka 1995, na mwaka 2025 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell, waliogundua jeni inayoziongoza, FOXP3. Miongoni mwa silaha za seli hizi ni kemikali iitwayo interleukini-10. Mwaka 1993 watafiti walionyesha kwamba panya wasio na jeni ya kemikali hiyo huvimba utumbo vibaya. Lakini panya wenye upungufu uleule, wakilelewa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja, hubaki wazima. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba bakteria ni walewale wa kila siku, ila breki ndiyo imekosekana.

Chakula nacho kina sehemu yake, kwani bakteria huchachusha nyuzinyuzi za dona na maharage na kutoa kemikali iitwayo butireti, ambayo hulisha seli za ukuta na, kwa panya, imeonekana kusaidia seli T dhibiti kuongezeka. Hata hivyo, ugonjwa ukishapamba moto, dona haiwezi kushika nafasi ya dawa.

Mama jirani, kwa upendo wa kweli, alimletea dada chupa ya mitishamba ya kuongeza kinga. Tulimshukuru, kisha nikaketi naye barazani kumweleza kwamba kinga ya dada haijapungua hata kidogo, na kwamba vidonge anavyomeza kila asubuhi ni vya kuituliza.