Shemeji kaacha ugali, sasa anataka mafuta yote ya sufuria

Shemeji yangu kaacha ugali. Msukuma wa Misungwi, mkata tiketi pale stendi ya Nyegezi, mtu aliyekuwa akimaliza mlima wa dona na kuuliza kama umebaki mwingine, siku hizi akifika kibandani kwangu Kirumba, hapa Mwanza, anaagiza kongoro, mayai na parachichi, basi. Chai anataka ya rangi bila sukari, na siagi ya kutia humo anakuja nayo mwenyewe kwenye kikopo. Kapungua, hilo silikatai; suruali anatembea kaishika kiunoni. Kinachonichosha ni mahubiri. Kuna mtu anamsikiliza kwenye YouTube, anayesema adui ni wanga na mafuta hayana shida, na kila alichokisikia usiku lazima kitemwe kwenye meza yangu mchana.

Meza ya pili hukaa Bibi Nesi. Kastaafu, anatoka Pasiansi, na kwake yeye nyama nyekundu ni adui na mafuta ni ndugu wa adui. Sato wa kuchemsha, mlenda, ndimu. Akimwona shemeji anakoroga siagi kwenye chai anashika kichwa. "Baba, hiyo mishipa yako utaizibua kwa kitu gani?" Shemeji naye: "Bibi, shikamoo, lakini mliwadanganya watu miaka hamsini." Wateja wengine wanaacha kula wanasikiliza. Mimi nina mwiko mkononi na sufuria inaungua.

Sasa nami niseme yangu. Nilisoma sayansi kimu mpaka kidato cha nne na nimekaanga samaki tangu binti yangu wa kwanza yuko mgongoni, kwa hiyo mafuta nayajua kwa kuyasoma na kwa kuungua nayo.

Silaha kubwa ya shemeji ni Wamasai. Kwamba wanakunywa maziwa, wanakula nyama, na moyo hauwasumbui. Hii si hadithi ya kutunga. Mtafiti Mmarekani, George Mann, na wenzake walikuja huku kwetu miaka ya sitini wakawapima Wamasai, na mwaka 1964 wakaandika kwamba kolestro yao, yale mafuta ya kwenye damu, ilikuwa chini na ugonjwa wa moyo haukuonekana sana kwao. Shemeji anaishia hapo. Haendelei mpaka mwaka 1972, Mann huyohuyo alipotoa matokeo ya kuchunguza mioyo na mishipa ya Wamasai 50 waliokwisha kufariki. Kuta za mishipa zilikuwa zimenenepa kama za wazee wa Kimarekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia, na Mann alidhani ni kwa sababu ya kutembea. Mmasai wa wakati ule alitembea na ng'ombe kutwa nzima. Shemeji anakaa kwenye kiti cha plastiki stendi tangu alfajiri, na safari yake ndefu ni kutoka kwenye kiti hicho mpaka kwenye bodaboda. Nilimwambia hivyo, akanuna mpaka jioni.

Bibi Nesi naye ana mzee wake wa Kimarekani, ingawa jina lake alikuwa kalisahau: Ancel Keys, aliyeanza mwaka 1958 kufuatilia wanaume wa nchi saba, Finland, Ugiriki, Japan na nyingine. Wafuasi wa shemeji wanamchukia Keys kama shetani, wanasema ndiye aliyeifundisha dunia kuogopa mafuta. Ukiangalia alichokikuta, kinawasumbua wote wawili. Wanaume wa kisiwa cha Krete walikuwa wanapata karibu asilimia 40 ya nguvu ya chakula chao kutokana na mafuta, na vifo vya moyo vilikuwa vichache sana. Wa mashariki ya Finland, nao walikula mafuta mengi, walikuwa wanadondoka kwa ugonjwa huo kuliko wote. Tofauti? Mkrete alikuwa anakula mafuta ya zeituni, Mfini siagi na maziwa yasiyoenguliwa. Kwa hiyo kusema "mafuta ni mabaya" haisimami, na kusema "mafuta hayana shida" haisimami pia. (Keys mwenyewe alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 100. Haithibitishi chochote, lakini shemeji hapendi nikimkumbusha.)

Hao Wafini ndio mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu walikuwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kama sisi wa Kanda ya Ziwa. Mwaka 1972 daktari kijana, Pekka Puska, alipelekwa jimbo la Karelia Kaskazini, wanaume wanakufa kabla ya kuzeeka. Hakuwaambia waache kula. Aliwabembeleza akina mama wapunguze siagi na chumvi, waongeze mboga, wapikie mafuta ya mimea, na wanaume waache sigara. Vifo vya ugonjwa wa moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 katika miaka kama arobaini. Sigara ina sehemu yake hapo, chumvi ina yake, sikatai. Lakini mtu akiniambia siagi haijawahi kumdhuru mtu, nitamwomba anieleze Karelia.

Haya, tutoke Ulaya, tuingie jikoni kwangu, maana kwa kweli ubishi wao unanipita hapo. Wanabishana mafuta kama vile ni kitu kimoja, wakati mimi nina ya aina nne na kila moja ina tabia yake.

Kuna ya sangara. Asiyetoka huku hajui samaki huyu ana mafuta kiasi gani. Sato unaweza kumpasua ukamwanika juani akakauka. Sangara mkubwa ukimwanika anavuja na kuoza, ndiyo maana pale soko la samaki la Mwaloni wanambanika kwa kuni. Mapanki, ile mifupa inayobaki viwanda vikishachukua minofu, hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe. Unachukua ule unene mweupe wa tumboni, unauweka kwenye sufuria kavu juu ya mkaa mdogo, bila tone la maji. Kwanza unakuwa kama kioo, halafu unatoa jasho, halafu ghafla sufuria imejaa mafuta ya manjano na vipande vimebaki vidogo vya kahawia vinaelea. Watoto wanagombania hivyo vipande. Nikiona Bibi Nesi anamweka samaki huyu kundi moja na siagi namwonea huruma sangara. Mafuta ya samaki kwa sehemu kubwa hayagandi, yana omega-3, aina ya mafuta inayosifiwa kwa moyo, na hata wanaokataza nyama wanahimiza samaki. Dagaa wetu hivyohivyo, na bei yake haimtishi mtu.

Kuna ya pamba, tuliyokulia nayo, kwa sababu pamba ni zao letu. Na hapa kuna kisa: kule Marekani mwaka 1911 kampuni moja ilichukua mafuta ya mbegu za pamba, ikayapitishia gesi ya hidrojeni yakaganda, ikayauza kwenye kopo badala ya mafuta ya nguruwe. Kugandisha kwa namna ile ndiko kulikoleta mafuta ya transi, na hayo hayana mtetezi. Hata shemeji na Bibi Nesi hapo wanakubaliana. Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2018 lilitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula. Kwa hiyo kitu kibaya kuliko vyote kilitoka kwenye mmea, si kwa ng'ombe.

Halafu mawese yaliyosafishwa, ya dumu la njano, meli zinayaleta kutoka Malaysia na Indonesia. Karibu nusu yake ni mafuta mazito, yale yanayoganda yakipoa kama ya siagi, ambayo WHO inasema yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula. Alizeti ya Singida inayo kama moja ya kumi tu, kwa moyo ni bora. Lakini mwulize mkaanga samaki! Alizeti ukiichemsha mara nyingi inachoka upesi kuliko mawese. Inapanda povu dogodogo lisilotulia, inakuwa nzito kama asali, moshi unakuja kabla hujaweka samaki, na harufu yake inakwaruza koo. Mafuta yakifika hapo hayana tena cha kujivunia, yawe yametoka wapi. Nimeona makarai ya chipsi mjini humu ambayo mafuta yake hayamwagwi kamwe. Yanaongezewa juu ya jana, na jana juu ya juzi. Mteja amekaa anauliza kama yai litampandishia kolestro, wakati kiazi chake kinaogelea kwenye lami.

Kuhusu nyama nitasema kwa kifupi, kwa sababu hesabu yake ni rahisi. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, mwaka 2015, liliweka nyama za kusindikwa, soseji na wenzake, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyodhaniwa sana. Wataalamu wa saratani wanashauri nyama nyekundu iliyopikwa isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki. Sasa chukua nyumba ya watu wanane inayonunua nusu kilo mara mbili kwa wiki, mchuzi mwingi, vipande viwili kila sahani. Hao hawajafika hata karibu. Kuna mama mjamzito humo ndani, damu yake iko chini, halafu mtu anakuja kumtisha kuhusu nyama? Mwacheni ale, hata maini. Onyo hilo lipelekwe kwa yule anayeagiza nusu kilo ya nyama choma peke yake Jumamosi jioni na kuirudia Jumapili, mafuta yanadondokea mkaa na moshi unarudi juu ya nyama. Mimi huwa nawaambia wachomaji wasogeze moto pembeni. Wanacheka, wanasema moshi ndio utamu.

Shemeji nimpe haki yake. Mwaka 2017 ulitoka utafiti mkubwa, watu zaidi ya 135,000 katika nchi 18, Afrika Kusini na Zimbabwe zikiwemo, ukaonyesha waliokula wanga mwingi sana walikufa zaidi, na waliokula mafuta zaidi walikufa kidogo kuliko wao. Aliutuma kwenye kundi la familia usiku wa manane kwa herufi kubwa. Tena ni kweli sahani zetu hazina uwiano: ugali wa kuezekea nyumba, mchuzi wa kulowanisha kidole, na soda mbili za kuteremshia. Huyo mtu akipunguza ugali lazima apungue, ale siagi asile. Ila utafiti wa namna hiyo unaangalia watu wanavyoishi, hauwapangii chakula. Mwenye sahani ya wanga mtupu mara nyingi ni maskini, na umaskini una njia nyingi za kuua. Majaribio waliyopangiwa watu chakula, yakijumlishwa pamoja, yanaonyesha waliopunguza mafuta mazito kwa angalau miaka miwili walipata matatizo ya moyo na mishipa, ukijumlisha yote pamoja, pungufu kwa kama asilimia 17, hasa walioweka mafuta ya mimea mahali pake. Aliyeweka mandazi hakuambulia kitu.

Ndiyo maana kila shemeji akianza, nami namuuliza swali lilelile: umeacha nini, umeweka nini mahali pake? Kuacha soda na mlima wa ugali akaweka samaki, parachichi na mchicha, nampigia makofi. Kuweka kongoro kila siku na siagi kwenye chai, hapo namtaka akapime kolestro, isiwe mizani peke yake. Anasema ataenda mwisho wa mwezi. Bibi Nesi kajitolea kumsindikiza na nauli kumlipia, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Mpaka alete majibu, mafuta ya juu ya supu nayaengua asubuhi kabla hajafika, nayatunza kwenye bakuli. Akiyataka atayalipia, bei ya kongoro la pili.